Ukurasa wa Kumi na Nne

Mkurugenzi wa taasisi alifika mwenyewe nyumbani kwao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Sajini akatwe mguu, akakalia kiti kizuri kabla hajakaribishwa. Alikuja na mguu. Yaani picha ya mguu, kwenye karatasi nene inayong'aa: mguu wa bandia wenye kifundo kinachojikunja chenyewe, uliotengenezwa na washirika wapya wa taasisi kutoka ng'ambo. Aliiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka posa.

"Huu si kama hilo gongo lako, Sajini," alisema. "Huu una akili. Ukifika kwenye ngazi, wenyewe unajua hii ni ngazi."

Mama yake Sajini aliichukua picha, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Na ukikutana na anayekudai, unakata kona wenyewe?"

Mkurugenzi alicheka kile kicheko cha wakubwa wakiwa kwenye nyumba za wadogo. Kisha akaeleza shida yake. Alhamisi ujumbe wa washirika unakuja kutia saini mkataba wa miaka mitano wa utafiti wa teknolojia ya ulinzi. Mradi wa kwanza ni kitambuzi kipya cha mabomu ya ardhini, chombo kitakachopiga kelele mtumiaji akipeleka mkono kasi kuliko inavyotakiwa. Utafiti wa taasisi, alisema, umeonyesha kwamba tatizo halikuwa chombo cha zamani hata siku moja. Tatizo ni binadamu. Sasa wageni wangependa kumwona binadamu mmoja.

"Dakika tano tu. Unasimama, unawaeleza ilivyokuwa. Kwamba ulikwenda haraka. Basi. Mguu utapimwa siku hiyohiyo, nimeshaongea nao."

Mkewe Sajini alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa mchapaji pale taasisi kwa miaka kumi na sita, na siku zote hizo alikuwa hodari wa kusimama mlangoni bila kuonekana. Aliona shingo ya mumewe inavyokaza. Miaka kumi na mmoja mumewe amekuwa akisema neno moja kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka: sikwenda haraka, chombo hakikulia. Tume ya wakati ule ikaandika vingine. Iliandika kwamba mtumiaji alikwenda kasi kupita kiasi, na sentensi hiyo ilitoka ofisini ikafika kantini, ikatoka kantini ikafika mtaani, na toka hapo hakuna aliyemwita Sajini tena isipokuwa mkewe, au mtu mwenye shida naye. Walimwita Haraka. Akipita na magongo yake vijana wa kijiweni husema, Haraka huyo anakuja polepole, na hucheka kama vile ndiyo mara ya kwanza kusikia.

"Nitafikiria, mkuu," alisema Sajini.

"Fikiria. Ila usifikirie sana," alisema Mkurugenzi, akanyanyuka. Chai hakuigusa. Alipompita mchapaji mlangoni alisimama kidogo. "Na wewe kesho mapema. Kuna mafaili ya kunakili."

*

"Sema tu, mwanangu," alisema mama yake Sajini baada ya gari kuondoka. "Maneno mawili. Watu wanasema uongo mkubwa kuliko huo kwa ajili ya kitanda cha hospitali."

"Mama, sikwenda haraka."

"Najua."

"Nilikuwa nimepiga magoti. Mtu aliyepiga magoti anakwendaje haraka?"

"Nimesema najua. Mimi ndiye niliyekuzaa, ulichelewa hata kuzaliwa. Lakini ukweli wako umekaa nao miaka kumi na mmoja, umekupa nini? Kisigino haujakupa."

Sajini alinywa chai yake katika kikombe kikubwa cha bati chenye namba kumi na tisa ya rangi nyekundu. Kikombe kilikuwa cha mkewe. Pale taasisi kila mchapaji alikuwa na namba yake, na namba hiyo ilikuwa kwenye kikombe, kwenye kabati, kwenye kitambulisho, na chini ya kila ukurasa alioupiga. Alikileta nyumbani zamani, na kwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote, Sajini akakimiliki.

Asubuhi yake mchapaji aliamka akasikia sauti bafuni. Mlango ulikuwa haukufungwa vizuri. Mumewe alikuwa amejishikilia kwenye sinki kwa mkono mmoja, amejitazama kwenye kioo, anafanya mazoezi kama alivyofundishwa kufanya kila kitu jeshini, yaani kurudia mpaka mwili uzoee.

"Nilikwenda haraka," alisema, akatikisa kichwa. Akajaribu tena kwa sauti nzito zaidi. "Nilikwenda haraka. Kosa lilikuwa langu." Mara ya tatu aliweka tabasamu dogo, lile ambalo wageni wangelipenda.

Mkewe alirudi nyuma hatua kwa hatua asisikike. Moyo wake, ambao miaka yote hiyo ulikuwa umelala usingizi wa kulazimishwa, uliamka umekasirika. Alimchukia Mkurugenzi asubuhi ile chuki ya kweli, yenye njaa, isiyotaka haki wala maelezo, inayotaka tu kumwona mtu anaanguka mbele za watu. Alivaa, akatoka bila kifungua kinywa.

*

Masijala ya siri ilikuwa chumba kisicho na dirisha, chenye makabati ya chuma na feni inayolalamika. Mkurugenzi alisimama nyuma ya kiti cha mchapaji akiwa na orodha. Mkataba ulitaka pande zote mbili zipeane kumbukumbu za majaribio ya nyuma, kwa hiyo faili la kitambuzi cha zamani lilipaswa kunakiliwa lote, kurasa ishirini na sita, na kupelekwa kwa mhandisi mkuu wa wageni siku moja kabla.

"Lote," alisema. "Lakini kama kuna vikaratasi vya nyuma, vilivyoharibika, hivyo waachie panya. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, mkuu."

"Na mumeo?"

"Anafanya mazoezi."

"Mwambie asizidishe. Asije akaanza kulia akaharibu." Akacheka, akaondoka, viatu vyake vikilia koridoni mpaka sauti ikapotea.

Mchapaji alifungua faili mpaka nyuma kabisa, ambako hakuwa amefungua kwa miaka kumi na minne. Bahasha ilikuwepo. Ndani yake ulikuwepo ukurasa wa kumi na nne, ule wa kwanza.

Alikuwa amekaa kazini miaka miwili tu siku alipouchapa. Mabomu ya mfano arobaini yalifukiwa uwanjani, kitambuzi kikapitishwa juu yake. Yaliyogunduliwa, thelathini na moja. Yaliyokosekana, tisa, yote ya plastiki. Aliuchapa kama alivyoletewa, akaweka namba yake chini. Siku mbili baadaye Mkurugenzi, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa kitengo tu na suruali zake bado zilikuwa fupi, alikuja na kalamu na kumwambia achape upya, yaliyogunduliwa yawe arobaini. Betri ilikuwa mbovu, alisema, tumerudia. Mchapaji hakuuliza lini walirudia, wakati uwanja ulikuwa umefungwa kwa mvua. Alichapa. Mkurugenzi akamwambia ule wa kwanza auchome.

Lakini masijala ya siri ina taratibu zake, na yeye alikuwa mtu wa taratibu. Ukurasa wa siri hauchomwi bila hati ya kuchoma, na hati hiyo hutiwa saini na mkuu wa usalama, ambaye huuliza sababu. Mchapaji alimwogopa mkuu wa usalama kuliko alivyomwogopa mkuu wa kitengo. Basi akafanya lililo rahisi: ukurasa wa zamani akautia kwenye bahasha mwishoni mwa faili, na ule mpya akauandikia chini kama kanuni inavyotaka: umechapwa upya, tarehe, na namba yake, kumi na tisa. Mkurugenzi hakusoma chini ya ukurasa. Wakubwa husoma katikati.

Miaka mitatu baadaye mumewe aliondoka na kitambuzi kile begani. Asubuhi hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga mumewe mkanda. Alikumbuka namba thelathini na moja, na akajiambia kwamba wataalamu wanajua. Bomu lililomkata mumewe mguu lilikuwa la plastiki.

Hakuwahi kumwambia. Mwanzoni kwa sababu mumewe alikuwa na homa. Baadaye kwa sababu alikuwa amekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa haongezewi mzigo. Baadaye tena kwa sababu muda ulikuwa umepita mno, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa kumekuwa kosa la pili, kubwa kama la kwanza.

Sasa alikaa na mkasi mkononi. Angeweza kukata chini ya kurasa zote mbili na kuondoa namba yake. Aliujaribu mkasi hewani. Lakini alijua kazi yake: ukurasa wa siri usio na alama ya mchapaji ni karatasi ya kufungia karanga, Mkurugenzi angeukana kabla haujapoa. Ukurasa ungemuua yule mtu iwapo tu ungebaki na kumi na tisa.

Aliurudisha mkasi kwenye droo. Alinakili kurasa ishirini na saba, akatia lakiri, akampa dereva.

*

Jumatano jioni Sajini alikuwa anapiga pasi koti lake la jeshi sebuleni, ameegemea meza kwa nyonga. Mama yake alikuwa anamwelekeza, kwa kuwa hakuna kitu ambacho hakujua namna bora ya kukifanya.

"Kola mwanzo. Kola ndiyo inayoonekana na wasikilizaji."

"Mama, nilipiga pasi koti hili kabla hujahamia hapa."

"Ndiyo maana lilikuwa na mikunjo."

Mchapaji alikaa pembeni. Alikuwa amejitayarisha njia nzima, hata maneno ya kwanza alikuwa nayo. Mumewe aliinua uso akamwona anavyomtazama.

"Nini?"

"Kuna kitu nataka nikuambie."

"Kama ni kunizuia, usiseme," alisema Sajini bila ukali. "Nimeshapiga moyo konde. Nitasema mbele yao, nitachukua mguu, kisha nitapita pale kijiweni natembea. Natembea kama mtu. Wakisema Haraka, nitaongeza mwendo." Alicheka. Mkewe hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka jambo lake mwenyewe. "Ni la kunizuia?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Mhandisi mgeni alikuwa na faili tangu mchana, maneno mawili yangetosha kumwambia mumewe abaki nyumbani. Lakini alifikiria ukumbi wa kesho. Alimfikiria Mkurugenzi amesimama mbele ya bendera mbili, amejaa kama puto, akisema kwa kinywa chake kwamba chombo hakikuwa na kosa, na binadamu wake amekaa pale akikubali. Alitaka aanguke kutoka hapo, kutoka juu kabisa, na bila Sajini asingefika huko juu.

"Hapana," alisema. "Nilitaka kusema kola imekaa vizuri."

*

Ukumbini kulikuwa na watu kama arobaini, vibao vya majina, chupa za maji na bendera mbili ndogo mezani. Mchapaji alikaa ukutani na daftari lake la kumbukumbu za kikao. Mhandisi mkuu wa wageni alikuwa mama mtu mzima mwenye mvi fupi, aliyesikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kando yake mkalimani.

Mkurugenzi alizungumza nusu saa. Alitaja urafiki wa mataifa mawili, maabara za pamoja, vijana watakaokwenda kusoma. Alisema kitambuzi cha zamani kilijaribiwa kwa mabomu arobaini kikagundua arobaini. Kisha akageuka. "Na sasa, mabibi na mabwana, mtu mwenyewe. Huku kwetu tunamwita Haraka." Akangoja mkalimani atafsiri, ili nao wacheke. Baadhi walicheka.

Sajini alisimama. Koti lilikuwa limenyooka, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alitazama mbele, juu ya vichwa vya watu, kama askari kwenye gwaride.

"Nilikwenda haraka," alisema. "Kosa lilikuwa langu."

Tabasamu la mazoezi lilimgomea. Watu walipiga makofi hata hivyo, makofi ya heshima na huruma, na Mkurugenzi alimpiga piga begani akimkalisha kama mtu anayefunga droo. Mchapaji aliandika kwenye daftari lake: shahidi amekiri.

Mhandisi mgeni aliomba nafasi. Alisema kitu kifupi, na mkalimani akatafsiri: "Mhandisi anashukuru kwa uwazi wa faili mlilomtumia. Ana swali dogo. Faili lina kurasa mbili za kumi na nne."

Mkalimani akawasha mashine ya picha, na picha zikatokea kwenye ukuta mweupe, kurasa mbili zimekaa ubavu kwa ubavu. Thelathini na moja. Arobaini. Chini ya ule wa pili, kwa herufi ndogo: umechapwa upya, kumi na tisa.

"Mhandisi anauliza ni upi wa kweli. Na anauliza, yale tisa ya plastiki, baadaye yalipatikana kwa njia gani."

Mkurugenzi alifungua chupa ya maji asinywe. "Hayo," alisema, "hayo ni makosa ya uchapaji. Ofisi zetu wakati ule, mnaelewa, wachapaji walikuwa wa viwango... Mchapaji yumo humu. Tumuulize mwenyewe."

Vichwa arobaini viligeukia ukutani. Yeye alitazama kichwa kimoja, ambacho hakikugeuka. Sajini alikuwa bado anatazama ukuta mweupe, pale chini, kwenye zile tarakimu mbili za kikombe ambazo kila asubuhi aliziweka mdomoni.

Mchapaji alisimama. "Si makosa ya uchapaji," alisema. "Uliniambia nichape arobaini, nikachapa arobaini. Uliniambia nichome ule mwingine, sikuchoma. Mvua ilinyesha wiki nzima, mkuu. Hamkurudia jaribio lolote."

Uso wa Mkurugenzi ulifanya kile ambacho mchapaji alikuwa amekilipia: ulishuka, wote, mashavu na kila kitu, mbele ya wageni, mbele ya bendera, mbele ya madereva waliokuwa wakichungulia mlangoni. Mhandisi mgeni alifunga kalamu yake na kuirudisha mfukoni. Mchapaji aliutazama uso ule mpaka akashiba. Na aliposhiba akageuka kumtafuta mumewe, akaona kiti kitupu na kusikia magongo koridoni, yakienda kwa mwendo uleule wa siku zote, si haraka wala polepole.

*

Mkataba haukutiwa saini. Mkurugenzi alisimamishwa kazi Ijumaa, na Jumatatu ikaundwa tume mpya iliyotaka kila anayehusika alete maelezo yake, yamechapwa. Kijiweni habari zilikuwa zimefika kabla ya barua ya tume. Sajini alipopita kwenda dukani vijana walinyanyuka, na mmoja akasema, shikamoo Sajini. Aliitikia, akanunua wembe, akarudi.

Nyumbani alikuwa hajasema na mkewe siku nne, zaidi ya maneno ya kupishana mlangoni. Hakumtukana. Hata mama yake, aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu, alichukua kiti chake akahamia uani. Jumanne mchana Sajini alikuja akakaa mbele ya mashine ya kuchapa ya mkewe, ile ya zamani aliyoinunua ofisi ilipohamia kwenye kompyuta.

"Sijui kuchapa," alisema. "Chapa."

Mkewe alitia karatasi. Sajini alisema maelezo yake taratibu, kwa mpangilio, bila kurudia neno: alikuwa amepiga magoti, alipitisha chombo mara mbili, chombo hakikulia. Mashine iligonga, kengele ikalia mwisho wa mstari, kigari cha karatasi kikarudishwa. Walifanya kazi vizuri pamoja, na mtu asiyejua angedhani ni watu wanaopendana wanaandika barua.

"Aya ya tano," alisema Sajini. "Mke wangu alijua."

Mashine ilisimama.

"Chapa kama nilivyosema. Usirekebishe."

Akachapa.

"Alijua siku aliponifunga mkanda. Nukta. Alijua miaka kumi na mmoja akinifunga bandeji. Nukta. Alijua jioni nilipokuwa napiga pasi koti, na akaniacha nikasimame mbele ya watu niseme nilikwenda haraka, kwa sababu alimhitaji mtu wa kusimama pale."

Vidole vya mkewe viliyapita maneno yote bila kukosea herufi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba vilikuwa hodari hivyo. Alitaka kusema, nilikulipizia. Lakini alijua hakuwa amemlipizia yeye.

"Niandike mke wangu," aliuliza, "au mchapaji namba kumi na tisa?"

"Andika vyote."

Akaandika vyote.

"Weka namba yako chini."

Aliiweka. Sajini alijinyoosha, akautoa ukurasa mwenyewe kwenye mashine, akausoma kuanzia chini kwenda juu. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya kaboni na ukurasa wa pili, kwa kuwa mkono wa mkewe ulikuwa umeviweka kwa mazoea, bila kuulizwa.

"Nakala hii ya nini?"

"Ya kumbukumbu. Ni taratibu."

Sajini aliupima ule wa pili kwa macho. Akaukunja mara mbili, akafungua droo ya kabati la sebuleni, ile ya vitu vya kila siku, yenye viberiti na sindano na funguo, akauweka juu ya vyote.

"Hii haichomwi," alisema. "Inakaa hapa."

Kisha akachukua magongo, akatia ukurasa wa tume mfukoni mwa koti, akatoka kuupeleka. Mkewe alibaki mezani. Baada ya muda alinyanyuka akachemsha maji ya chai, na alipofungua kabati kutafuta kikombe cha mumewe alikikuta kile cha kumi na tisa kimeoshwa na kuwekwa upande wake yeye, na upande wa Sajini palikuwa na glasi.